Homa bila kuhara: mtoto, malaria iliyopita na Salmonella iliyohamia damuni

Kisa hiki ni cha mtoto mmoja aliyelazwa katika hospitali moja hapa Mombasa. Jina, mtaa, mwezi na vitu vingine vya kumtambulisha nimeviondoa ama kuvigeuza, na wazazi waliridhia kisa kitumike kufundishia. Mimi niko upande wa labu, kwa hivyo ya labu ndo nitayaongea kwa kirefu, ya wodini nimeyatoa kwenye faili na kwa wenzangu waliomhudumia.

## Mtoto mwenyewe

Wa kiume, kapita mwaka mmoja lakini hajafika mwaka na nusu, kitinda mimba, wanaishi ng'ambo ya feri. Uzani wake kwenye kitabu cha kliniki ulikuwa ukipanda vizuri hadi miezi kumi hivi kisha mstari ukalala, si utapiamlo wa kutisha ila mtoto alikuwa mwepesi. Chanjo za umri wake keshapata. Virusi vya ukimwi alipimwa hana, seli mundu alipimwa hana. Nayataja haya mapema manake mtu wa wodini akisikia bakteria aina ya Salmonella kwenye damu ya mtoto hivyo viwili ndivyo anavyoviulizia kwanza, na hapa havikuwepo.

Kilichokuwepo ni malaria. Wiki tatu hivi kabla ya kulazwa walikuwa Kwale, bara kule kwa nyanyake, mtoto akashikwa na homa, zahanati ya huko wakamdunga kidole, kipimo cha haraka kikasoma malaria, wakampa AL (dawa ya malaria), akamaliza dozi na homa ikaisha. Wakarudi zao Mombasa. Malaria hiyo ikahesabiwa habari ya zamani, na hapo ndipo kila mtu alipoteleza.

## Homa ya pili

Kama siku kumi baada ya kurudi, homa ikaanza tena. Usiku inapanda, asubuhi inashuka kidogo, uji anakula vijiko viwili vitatu anasukuma. Anakohoa. Hatapiki. Na choo chake, mamake alirudia kumwambia kila aliyemuuliza, ni cha kawaida tu, hajahara hata siku moja.

Wakaenda kwanza duka la dawa wakapewa amoksilini ya maji na dawa ya kushusha homa, siku tatu hakuna nafuu. Wakaenda zahanati, wakampima tena kipimo cha haraka, kikasoma malaria, wakapewa AL mara ya pili.

Hapa tusimame kidogo. Vile vipimo vya haraka tunavyotumia sana havitafuti kimelea mwenyewe, vinatafuta protini yake iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hivyo mtoto aliyetibiwa malaria majuzi anaweza kusoma "ana" na ndani hamna kimelea hata kimoja. Aliyempima simlaumu, zahanati ile haina darubini wala mtu wa kusoma slaidi, mtoto ana homa na kipimo kimesoma, angefanyaje? Lakini homa ikishapata jina hakuna anayehangaika kuitafutia jina la pili, na swali la "alitibiwa malaria lini mara ya mwisho?" halikuulizwa na yeyote. Lilikuwa swali la bure, halitaki hata glavu.

Dozi ikaisha, homa iko palepale, mtoto sasa kawa mweupe viganjani, kalegea, anapumua mbio. Nyanyake ndiye aliyesema kwa simu, "Mpelekeni hospitali kubwa usiku huu huu, msingoje kukuche." Wakavuka feri.

## Usiku wa kulazwa

Klinikal ofisa wa zamu aliandika: joto 39.4, pumzi 62 kwa dakika na kifua chaingia ndani, wengu umevimba unashikika vidole vitatu chini ya mbavu, hemoglobini 4.3, yaani damu pungufu mno. Kipimo cha haraka bado kinasoma malaria. Slaidi ya damu, ikasomwa na watu wawili, hakuna kimelea.

Maamuzi ya usiku ule yalikuwa hivi. Kwanza kuongezwa damu, hiyo haikuwa na mjadala, hemoglobini 4.3 na pumzi ile mtoto hangoji asubuhi. Pili, kwa vile slaidi ni safi na AL imeisha juzi tu, hawakuanza artesuneti, sindano ya malaria kali, wakaandika slaidi irudiwe baada ya saa kumi na mbili. Tatu, kwa kifua kile wakamwandikia penisilini na gentamaisini, ndio mchanganyiko wa kawaida wa nimonia kali.

La nne ni la sista. Dawa zishavutwa kwenye sindano, akasema, "Daktari, nipe dakika mbili nitoe damu ya kalcha kwanza, tukishampa dawa hatutojua tena." Akatoa mililita tatu, mtoto yule mshipa wenyewe wa kutafuta kwa tochi, akatia kwenye chupa ya kalcha ya watoto, ile ya kuoteshea bakteria, akaandika saa. Mtu anaweza kuona mililita tatu ni ukatili kwa mtoto mwenye hemoglobini 4, lakini Salmonella kwenye damu huwa ni wachache mno, ukituletea nusu mililita unaweza kuwa umetuletea damu isiyo na bakteria hata mmoja, na sisi tutaandika "hakuna kilichoota" na wewe utaamini.

## Chupa ikalia

Kesho yake alasiri mashine ikapiga alamu, chupa ile. Nikatoa tone, nikapaka slaidi, nikatia rangi ya Gram, ile inayowagawa bakteria makundi mawili, chanya na hasi: vijiti vyekundu, vifupi, vimetawanyika. Kwa simu sikusema Salmonella, nilisema Gram hasi, vijiti, na chupa imelia mapema hivyo sidhani ni uchafu wa ngozi. Klinikal ofisa akampigia daktari wa watoto, wakaliunganisha wenyewe: malaria ya karibuni, damu imeisha, wengu mkubwa, kikohozi, vijiti Gram hasi. Wakabadilisha penisilini kuwa seftriaksoni jioni ile ile bila kungoja sahani za kuoteshea. Gentamaisini wakaiacha iendelee.

Asubuhi sahani zilikuwa zinajieleza. Kwenye MacConkey, moja ya vyakula vya kuoteshea bakteria, makundi hayana rangi, kwenye XLD, kingine, ni ya pinki yenye kitovu cheusi. Nikachukua kundi moja nikalichanganya na tone la antisera ya O4, maji yenye kingamwili zinazoshika alama ya O4 ya bakteria, kwenye kioo, nikatikisa, chembechembe zikashikana papo hapo kama maziwa yaliyokatika. Antisera ya Vi, alama ya Typhi wa taifoidi, hakuna kitu. Hiyo basi si Typhi, ni Salmonella ya upande wa pili, zile tunazozoea kuziona kwenye choo cha mtu aliyekula kuku asiyeiva vizuri.

Mamake alipoambiwa akauliza swali ambalo kusema kweli ndilo lililonifanya niandike kisa hiki: "Mwanangu hajahara hata mara moja, sasa mdudu wa tumbo katoka wapi akaingia kwenye damu?" Nitalirudia chini.

## Mvutano wa gentamaisini

Siku iliyofuata majibu ya dawa yakatoka. Ampisilini imeshindwa, kloramfenikoli imeshindwa, kotrimoksazoli imeshindwa. Amoksilini ya duka la dawa ni ukoo mmoja na ampisilini, kwa hivyo zile siku tatu za mwanzo mtoto alikuwa anakunywa sharubati tu. Seftriaksoni inafanya kazi, siprofloksasini inafanya kazi. Na kwenye sahani, kuzunguka kile kidonge cha karatasi chenye gentamaisini, palikuwa na duara kubwa safi, bakteria wamekufa wote.

Sasa siku hiyo hiyo seftriaksoni ikaisha kwenye famasi ya wodi, babake ameambiwa akanunue nje na jioni ile hana pesa ya kutosha. Mwenzetu mmoja akaja labu akaona sahani, akasema mbona hiyo gentamaisini inaua vizuri hivyo, si tuendelee nayo, ipo na ni ya bei nafuu. Hoja yake ina mantiki kabisa ukitazama sahani. Ndo maana kwenye ripoti ya Salmonella gentamaisini hatuiandiki kabisa hata kama duara lake linapendeza, miongozo ya labu yenyewe inakataza.

Sababu ni hii. Kwenye agari, ile jeli ya sahani, bakteria yuko uchi, dawa inamfikia. Ndani ya mtoto sehemu kubwa yao hawaelei kwenye damu, wako ndani ya makrofaji, zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza na kuua. Salmonella anamezwa halafu hafi, anajenga kifuko chake humo humo, anatumia mashine ya protini inayotoka kwenye kipande cha jeni kiitwacho SPI-2 kuizuia seli isimsage, na anazaana. Gentamaisini haipenyi seli vizuri. Watafiti wa Salmonella hata wanaitumia kwa makusudi: wakitaka kuhesabu bakteria walioingia ndani ya seli wanamwaga gentamaisini, walio nje wanakufa, walio ndani wanabaki wazima wanahesabiwa. Yaani dawa ambayo maabara za dunia nzima zinaitumia kwa sababu haiwagusi walio ndani, ndiyo tulitaka kumtibia mtoto ambaye bakteria wake wako ndani.

Uamuzi ukawa seftriaksoni haikatizwi. Sista mkuu akaazima vichupa kutoka wodi nyingine, babake akaleta vya kulipa kesho yake. Gentamaisini ikasimamishwa.

## Homa iliyogoma kushuka

Siku ya tatu ya seftriaksoni joto bado 38.8, na wodini watu wakaanza kutajataja meropenemu, antibiotiki ya akiba. Daktari wa watoto alikataa na aliandika kwa nini kwenye faili, jambo ninaloliheshimu sana: bakteria anasikia dawa, mtoto ameanza kunyonya vizuri, pumzi imeshuka, hemoglobini imeshika baada ya damu, na bakteria anayekaa ndani ya seli huchukua siku kadhaa homa yake kuisha hata dawa ikiwa ndiyo. Badala ya kubadilisha dawa walimtafuta mdudu alikojificha: wakamkagua mifupa na viungo kimoja kimoja, wakachukua maji ya uti wa mgongo, yakatoka safi, wakarudia kalcha ya damu.

Siku ya tano homa ikakatika. Kalcha ya pili haikuota kitu. Akamaliza dawa zake akatoka na hemoglobini 8 na ushee, na dawa ya kuongeza damu. Kwenye kliniki ya mwezi mmoja baadaye alikuwa anatembea akishikilia kanga ya mamake.

Mbegu ya bakteria tuliituma maabara ya rufaa. Jibu lilirudi mtoto yuko nyumbani zamani: Salmonella Typhimurium, ukoo wa ST313.

## Mdudu wa tumbo alivyohama

ST313 ulielezwa mwaka 2009 kutokana na sampuli za Malawi na Kenya. Kabla ya hapo watu walidhani ni Typhimurium ileile ya kuharisha, ila tu imebahatika kumpata mtoto dhaifu. Walipoisoma genomu, yaani jeni zake zote, wakakuta ni ukoo wa peke yake, na cha kushangaza, umepoteza vitu.

Typhimurium wa kawaida ni fundi wa utumbo. Anachokoza utumbo uvimbe, na ule uvimbe unatoa kemikali ambazo bakteria wengine hawawezi kuzitumia yeye anazitumia kupumulia pasipo oksijeni, anawashinda, anazaana, anamharisha mtu, anatoka na choo anaenda kwa mtu mwingine. Kuhara ndo usafiri wake. ST313 jeni kadhaa za kazi hiyo ya utumboni zimekufa, zipo kwenye genomu lakini zimevunjika hazisomeki. Typhi wa taifoidi alishapita njia hiyo zamani, genomu yake iliyochapishwa 2001 ilikutwa na jeni zaidi ya 200 zilizovunjika. Ni kama mvuvi aliyehamia bara, nyavu hazina kazi tena, zinaozea darini.

Kuna walichopata pia. Kwenye damu kuna protini za komplimenti zinazomtoboa bakteria. Mwaka 2018 ilichapishwa kwamba ST313 amebadilika herufi moja tu, moja, kabla ya jeni ya pgtE, na herufi hiyo inafanya protini ya PgtE itengenezwe kwa wingi, nayo inakatakata komplimenti. Mkia wake wa kuogelea nao, ule ambao kinga ya mwili huutambua upesi, anautengeneza kidogo. Jeni nyingine iliyovunjika, sseI, imefanya seli za kinga zilizombeba zisafiri kwa haraka zaidi kutoka utumboni kwenda mwilini. Ukiyaunganisha haya unapata bakteria anayepita utumboni bila fujo, hachokozi, anapanda gari la kinga yenyewe na kwenda wenguni, inini na kwenye uboho. Si kwamba ameacha kuharisha kabisa, wapo wanaohara, lakini kutohara hakumwondoi kwenye orodha. Hilo ndilo jibu la mamake: alipita tumboni, kelele tu ndo hakupiga.

Sasa kwa nini mtoto huyu na si dadake wanaokula sufuria moja? Malaria. Kimelea kikipasua seli nyekundu kinamwaga himu, ile sehemu ya hemoglobini yenye chuma, na mwili ukitengeneza kimeng'enya cha kuishughulikia ile himu, nyutrofili, seli za kinga, zinazozaliwa wakati huo zinakuwa zembe, zinameza bakteria lakini hazitoi ule mlipuko wa oksijeni wa kuwaua. Hili lilionyeshwa kwa panya 2012. Juu yake chuma kimezagaa, nacho ndicho kitu ambacho bakteria kwenye damu anakitafuta kwa udi na uvumba manake mwili kwa kawaida unakifungia. Kasoro hiyo haiishi siku dozi ya AL inapoisha. Umri nao: kinga za mamake zishapungua, zake mwenyewe dhidi ya Salmonella bado hazijakomaa. Kule Kilifi ilionekana wazi zaidi, malaria iliposhuka watoto wanaolazwa na bakteria kwenye damu nao wakapungua, Salmonella hizi zikiwamo.

## Kilichosaidia na kilichokwama

Kilichookoa hapa ni ile kalcha kabla ya dawa, na ni sista, si mwongozo. Ingechukuliwa baada ya gentamaisini huenda walioko nje ya seli wangekufa na chupa ikakaa kimya siku tano, na mtoto angeendelea kutibiwa nimonia. Simu baada ya Gram nayo, tungengoja ripoti ya karatasi tungempotezea siku mbili. Na kukataa kukimbilia meropenemu, maana siku ST313 wa hapa akizoea seftriaksoni kama ilivyokwisharipotiwa sehemu kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, kwa mtoto wa wodi ya kawaida tutabaki na vichache sana.

Kilichokwama, mbali na lile swali la malaria ya mwisho: zahanati iliyompa AL mara ya pili mpaka leo hakuna aliyeiambia mtoto alikuwa na nini. Barua ya kuruhusiwa inapewa mzazi, mzazi anaiweka kabatini. Nilipendekeza nakala itumwe kwa simu kwa aliyemwona mwanzo, wodi imekubali kwa watoto wenye kalcha chanya, tuone itadumu. La pili ni dawa kuisha. Mtoto alipona kwa kuazima.

Babake alitaka kuwachinja kuku wote. Tulimwambia asubiri. Tafiti zilizofanyika Kenya zilifuata nyumba za watoto wagonjwa, zikapima mifugo na mazingira, na Salmonella za wanyama hazikufanana na za watoto, zilizofanana zilipatikana kwa watu wanaoishi nao. Kwa hivyo mazungumzo yakawa choo, mikono, na yale maji ya mitungi yanayoletwa na mkokoteni, wayachemshe ya mtoto hata yakionekana masafi. Na Kwale akienda tena alale ndani ya chandarua.

Mamake kabla ya kuondoka aliulizia chanjo ya taifoidi, ile iliyoanza kutolewa na serikali 2025, kama ingemkinga. Ni nzuri na ampeleke, lakini kwa mdudu huyu hapana: chanjo ile inafundisha mwili kutambua koti la Vi analolivaa Typhi, na Typhimurium hana koti hilo, ndiyo ile antisera iliyokataa kushikana kwenye kioo changu. Ya Salmonella hii bado iko kwenye majaribio.